Mfalme Wangu Kashinda!

Jumatatu, 3 Juni
Habari njema! Jumamosi meneja wetu atachagua mkuu wa watembeza wageni. Mkuu anapata ofisi yenye feni. Tunaogombea ni wawili tu: mimi na shemeji, kaka yake mke wangu. Mimi natembeza wageni kwenye kaburi la mfalme aliyeshindwa. Yeye ana uwanja wa vita, ng'ambo ya barabara, pamoja na filimbi na mikuki ya mbao. Wageni wake huigiza vita, hukimbia majanini wakipiga mayowe. Wangu hulitazama zege la kaburi, hujikuna shingo, huniuliza choo kiko wapi. Mke wangu kasema nisijisumbue, kaka yake ana kipaji. Mke gani huyu! Ofisi ile naitaka!

Jumanne, 4 Juni
Nimegundua kasoro. Si mimi. Ni mfalme! Nani atoke kwake na jua hili kuja kumwona mtu aliyepigwa? Basi leo nimempa ushindi. Nimewaambia wanafunzi kwamba adui walitimka hadi wakaacha viatu. Makofi! Vigelegele! Mwalimu wao akauliza mbona kibao cha kaburini kinasema alishindwa. Nikamjibu kibao kiliandikwa na adui. Safi kabisa! Baadaye nikaegesha toroli la mtunza bustani mbele ya kibao.

Jumatano, 5 Juni
Pamejaa pomoni! Nimepiga chuku kidogo: mfalme sasa anaangusha adui wanne kwa mshale mmoja. Bibi mmoja alilia kwa furaha. Tatizo dogo tu. Nikimaliza, wote huuliza alishindia wapi, kisha huvuka barabara mbio kwenda kupaona. Kwa shemeji. Si neno, wanakwenda wakiwa watu wangu. Shemeji kaagiza mikuki zaidi. Mke wangu anadai nampelekea kaka yake wageni. Hajui mbinu za vita huyu.

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji msaliti! Anawaambia ukweli! Tena wageni wangu anawapanga upande wa mfalme, halafu anawachapa. Leo wamerudi kwangu kundi zima, wamejaa majani vichwani, wanataka maelezo. Mzee mmoja kanikunja shati, kaniuliza ni mshindi gani anazikwa alikokimbilia. Nikamwambia mfalme hakuwa akikimbia, alikuwa akiwafukuza adui, ila wao walikuwa nyuma yake. Mzee akaniachia. Wakacheka wote mpaka wengine wakakaa chini. Nani kasema wangu hawafurahi? Kesho ofisi ni yangu.

Jumamosi, 8 Juni
Meneja kafika asubuhi. Kaliondoa toroli kwa mikono yake mwenyewe, heshima ambayo shemeji hajawahi kuipata. Kisha katangaza: mkuu ni shemeji. Mimi nimekuwa msaidizi wake, na kazi yangu ya ziada ni kukusanya mikuki. Ila alisema mbele ya watu wote kwamba tangu aanze kazi hajawahi kuona kaburi linalochekesha. Sifa hizo! Shemeji alinipa mkono na kuniambia karibu ofisini. Nilipomwona kwenye kile kiti, feni ikimpepea, roho iliniuma. Humu siwezi kuficha, iliniuma sana.

Nyumbani mke wangu alinikung'uta vumbi begani, akanipa pole, kisha akaniuliza taratibu: lakini si kweli mfalme alishindwa? Nikamkubalia. Alishindwa, tena vibaya, na hapo ndipo nilipokosea mimi. Mke wangu akafurahi, akasema hatimaye nimepata akili.

Nimepata kweli! Ushindi ule ulikuwa uongo mdogo, ndiyo maana ukakamatwa. Kuanzia Jumatatu nitawaambia wageni kwamba mfalme hakufa. Watafurika! Shemeji atakoma! Mpango wote uko tayari, limebaki jambo moja tu la kufikiria: mle kaburini nimweke nani.