Kunguni wa Chumba cha Nyuma

Ulimi, dalali aliyeweza kumuuzia kipofu kioo, nyumba yake ilikuwa rehani benki. Siku moja akasikia benki ya mtaa wa pili inahamisha rehani na kukuongezea hela juu. Mate yakamjaa. Akanyoosha tai, akaenda kuweka arubuni ya gari kabla hata hajaomba mkopo.

Kikwazo kikawa fomu. Kila mtu mzima anayekaa humo asaini kwamba benki ikiuza nyumba, atatoka bila kudai kitu. Mke alishasaini kwa ahadi ya kiti cha mbele. Ila chumba cha nyuma alikaa mama mkwe, mjane aliyeuza kiwanja chake ili nyumba hiyohiyo iezekwe, na hakuwa na kwingine pa kwenda. Huyo asingesaini ng'o. Basi Ulimi akaandika: tunakaa mimi na mke tu.

Siku ya mkaguzi wa benki akamwambia kwa unyenyekevu, "Mama, leo anakuja bwana wa dawa ya kunguni. Dawa kali hiyo. Pumzika kwa jirani mpaka jioni."

"Haya baba, Mungu akuzidishie," mama akasema, akatoka.

Mkaguzi akakagua dari, akakagua jiko, akafika bafuni akasimama. "Watu wawili, miswaki mitatu?"

"Mmoja ni wa magego."

"Na meno haya kwenye glasi?"

"Ya akiba," Ulimi akajibu bila kupepesa.

Mara mama mkwe huyo, kamshika mkaguzi mkono. "Ndiwe bwana wa dawa? Anza na chumba changu, baba. Miaka sita nalala humo, wananimaliza."

Mkaguzi akamtazama Ulimi, kisha akafungua faili na kumsomea mama fomu neno kwa neno. Mama akasikiliza huku anavaa meno yake taratibu.

"Nitasaini," akasema. "Ila kwanza jina langu liingie kwenye hati ya nyumba, na hela nizishike mimi."

Arubuni hairudishwi. Ulimi akakubali, akijua wazee hulainishwa.

Mama hakulainika. Hela zikaezeka upya chumba cha nyuma, zikajenga ukuta, zikaisha. Gari akachukua mwingine.

"Mama," Ulimi akauliza kinyonge, "kweli ulidhani yule ni bwana wa kunguni?"

"Kunguni wa nyumba hii namjua siku nyingi, baba. Ni mmoja tu, na anavaa tai."