Malkia Alivyonivua Nguo Mbele ya Mkuu

Leo nimepatikana. Sina pa kuweka uso, na Makambako yenyewe ndiyo hii, kila mtu anakujua.

Mnajua mimi ni mwalimu wa baiolojia. (Shikeni hapo. Ndipo panapouma.) Nina mbwa jike, anaitwa Malkia. Mkuu wangu wa shule ana nyumba Njombe, na huko anafuga dume la kizungu, Jenerali. Mimi nikajisemea, nikimpatia Mkuu mtoto wa Jenerali, kiti cha mkuu wa taaluma ni changu.

Malkia alipoanza kutoka damu, siku ya pili tu nikampakia kwenye pikapu hadi Njombe. Tukamfungia na Jenerali mchana kutwa. Malkia akamng'ata sikio.

"Mwalimu, mbona anamkataa?" Mkuu akauliza.

"Hayo ni mapenzi, Mkuu. Kazi imeisha."

Nikarudi naye nyumbani Mahongole, nikamfungulia apumzike.

Mimba ikaonekana. Nikahesabu tarehe, nikaizungushia wino mwekundu kwenye kalenda. Ikapita. Siku kumi zikaongezeka ndipo akazaa. Mkuu akapiga simu kuuliza, nikamjibu kitaalamu: "Mbegu bora haina haraka, Mkuu." (Nani alinituma?)

Basi leo asubuhi Mkuu kaja kuchagua wake. Kaja na mke wake, na daktari wa mifugo juu! Nikawapa chai, nikawapa hotuba ya urithi wa sifa, kisha nikafunua blanketi.

Watoto watano. Miguu mifupi kama ya kigoda. Mikia imejikunja. Jenerali ni mrefu, mkia wake umenyooka kama fimbo ya mwalimu wa zamu.

Mkuu akainama, akaushika mkia mmoja.

"Watanyooka wakikua," nikasema.

Daktari akanitazama. "Ulimpeleka siku ya ngapi tangu damu ianze?"

"Ya pili! Niliwahi."

"Uliwahi mno, Mwalimu. Siku hizo jike hata hamtaki dume. Mayai huwa tayari baadaye, siku ya kumi hivi na kuendelea, damu ikishapungua. Wiki iliyofuata alikuwa wapi?"

"Nilimfungulia apumzike."

"Alipumzika na nani?"

Hapohapo uzio ukatikisika. Kaingia Kibiriti, mbwa wa jirani yangu Mzee Mlowe, yule ninayemfukuza kwa mawe kila siku. Miguu mifupi. Mkia umejikunja! Malkia akamkimbilia kama mume aliyetoka safari.

Mke wa Mkuu akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Mzee Mlowe naye akachungulia juu ya uzio, akaona watoto, akavua kofia kunisalimia.

"Kamwene, mkwe! Kumbe tumekuwa ndugu na hujanialika?"

Jamani, nilitamani niingie chini ya blanketi nilale na wale watoto.

Mkuu hakufoka. Afadhali angefoka. Kamaliza chai taratibu, kavaa koti, kafika mlangoni ndipo kageuka: "Mwalimu, Kidato cha Nne Jumatatu unawafundisha mada gani?"

"Uzazi, Mkuu."

"Niwekee kiti mbele."

Nawaomba sana, asicheke mtu. Na kama kuna mzazi wa Kidato cha Nne humu, mwanao aendelee tu kusoma kitabu, asinisikilize mimi.