Nimeuamkia Mkaratusi

Jamani, leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima.

Mnamjua Zuhura wangu (bado si wangu rasmi, ndiyo shida yenyewe). Kwao ni Waluguru, na kwa Waluguru baba akupende asikupende, neno la mwisho analo mjomba. Mjomba huyo sijawahi kumtia machoni. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kukutana naye, kwenye matembezi ya ukoo wao, mlimani juu ya kijiji cha Mkuyuni, kwenye shamba la miti ya kigeni iliyopandwa enzi za wakoloni.

Kufika tu, Zuhura akaninong'oneza, "Mjomba ametangulia, anazunguka humu humu. Asipokupenda, basi tena. Jiandae."

Nijiandae! Nikajitenga, nikautafuta mkaratusi mmoja mnene kama chumba changu cha kupanga, nikasimama mbele yake nifanye mazoezi.

"Shikamoo mjomba." Sauti nyembamba mno. Nikakohoa. "Shikamoo, mjomba!" Hiyo ikawa ya kiaskari. Nikainama kidogo (mbele ya mti, mtu mzima na ndevu zangu!), nikaanza upya:

"Shikamoo mjomba. Mti huu umetoka Australia, hauna ndugu hapa, lakini mmeupokea ukanawiri. Na mimi wa Shinyanga naomba mnipokee hivyo hivyo."

Mti ukajibu.

"Marahaba. Ila mkaratusi unakunywa maji mno. Wewe unakunywa nini?"

"Mayoo!" nikamlilia mama yangu kwa Kisukuma, nikatimua mbio. Nikateleza kwenye majani mabichi, nikaserereka kwa makalio hadi kwenye mkeka walipokaa mama yake Zuhura na dada zake, nikatua juu ya sinia la pilau.

"Mti unaongea!" nikapiga kelele.

Kule nyuma akatokea mzee upande wa pili wa shina, anacheka mpaka machozi. Kumbe ndiye mjomba, alikuwa amejipumzisha pale muda wote! Zuhura akajifunika uso kwa mtandio. Moyo ukanidondoka, maana nampenda yule binti, nikajua nimeshampoteza.

Mzee akaninyanyua, akanipangusa wali, akawageukia dada zake.

"Anayeamkia hata mti, atamdharau binti yetu? Mpeni. Ila pilau jingine apike yeye."

Kwa hiyo mwenzenu naoa. Chekeni tu, ila kila atakayecheka namtumia kadi ya mchango wa harusi.