Meza za Pasi Zilizokwama Rotterdam

Jumatatu, 3 Machi
Uamuzi wa Umoja wa Ulaya umetoka Brussels. Meza zetu za kupigia pasi zitatozwa ushuru wa ziada, asilimia arobaini na mbili. Eti tunaziuza Ulaya kwa bei ya chini kuliko kwetu China, tunaua viwanda vyao. Za Bi Luo, mshindani wangu wa ghorofa ya chini: asilimia saba. Saba tu. Yeye alijaza dodoso lao la uchunguzi wa bei, akawafungulia wakaguzi kiwanda. Mimi nilimshauri shemeji Tan, mume wa dada yangu, mwenye kiwanda kule Foshan kinachotengeneza meza ninazouza huku, tukae kimya. Asiyejibu hasumbuliwi, nilimwambia. Kumbe asiyejibu hupewa kiwango cha juu kabisa.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji kapiga simu. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliuliza tu, "Guoliang, miaka kumi na tisa unaishi huko, hukujua?" Nikasema sheria zao hubadilika. Uongo. Dodoso lilikuwa na kurasa mia na arobaini. Nilisoma moja, nikaenda kula bata wa kuoka.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata njia. Kontena letu limetua bandarini hapa Rotterdam. Miguu imefungashwa peke yake, mbao peke yake. Mbao bila miguu si meza! Nimeziandikisha forodhani kuwa mbao za michezo, za kutelezea juu ya mawimbi ya bahari.

Alhamisi, 6 Machi
Bi Terpstra wa forodha ni mpole, na hilo ndilo lililoniumiza. Alichukua ubao mmoja, akautazama chini juu. Akaniuliza, "Bwana Xu, haya matundu ni ya mvuke au ya samaki?" Akanionyesha tangazo: ushuru unahusu meza, na miguu, na mbao zake. Yote yameandikwa. Kontena limezuiliwa, na faini juu.

Ijumaa, 7 Machi
Dada amenitumia ujumbe wa sauti. Shemeji amefunga nusu ya kiwanda. Bi Qin amerudishwa nyumbani, yule aliyechomelea miguu ya meza miaka kumi na miwili. Mwaka juzi nilipougua kule, ndiye aliyeniletea uji wa wali kila asubuhi. Dada hakunilaumu. Alisema tu, "Usimpigie shemeji yako kwa sasa." Nimeusikiliza mara nne. Sikula.

Jumamosi, 8 Machi
Bi Luo kapanda ngazi na chai. Nilidhani amekuja kunicheka. Akasema, "We Xu, mwakani mnaweza kuomba kiwango kipitiwe upya. Anza kukusanya hesabu sasa, sema ukweli, nitakusaidia." Nilikaribia kulia. Nimemdharau mwanamke huyu miaka yote kwa kusoma kila karatasi.

Jumapili, 9 Machi
Nimeapa kubadilika. Nimemwahidi Bi Luo tutakaa kesho saa nne asubuhi, tuanze ukurasa wa kwanza.
Jioni nimeongea na jamaa mmoja mwenye ghala Malaysia. Meza zinalala kwake siku mbili, zinaamka na karatasi za kusema zimetengenezwa kule. Anasema hajawahi kukamatwa.
Ndege yangu ya kwenda kwake ni kesho saa tatu asubuhi.