Malalamiko Dhidi ya Chakula cha Gramu Mia Sita

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Watembea Milimani,
Chumba cha Kwanza Kulia, Ghorofa ya Tatu,
Nyumba hii hii.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUVULIWA UPISHI NA KUPEWA HESHIMA NISIYOIOMBA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, kama ulivyokuwa dakika ishirini zilizopita tulipopishana mlangoni mwa bafu. Naiandika kwa kuwa kikundi kina katiba, na ibara ya nne inasema mwanachama mwenye lalamiko aliwasilishe kwa Mwenyekiti kwa maandishi. Katiba haisemi mwanachama afanye nini iwapo Mwenyekiti ni binti yake wa kwanza, ambaye alimfunga nepi kwa mikono hii hii inayoandika. Basi nitakuita Ndugu Mwenyekiti, nawe uniite Mlalamikaji. Mama yako ameombwa asiingilie.

Kwa faida ya kumbukumbu za kikundi: mimi ni mpishi. Nilikuwa mpishi mkuu wa kantini ya chuo kwa miaka ishirini na sita, wanafunzi mia nne, mara tatu kwa siku, na muda wote huo hakuna aliyelala njaa, isipokuwa mmoja aliyesusa kwa sababu za mapenzi. Nilipostaafu ukanikaribisha wewe mwenyewe. "Baba, njoo utupikie huko juu, utachangamka." Nikaja. Nikachangamka. Sasa Jumamosi ijayo kikundi kinapanda mlima kwa siku nne, na jina langu nimelikuta nyuma ya karatasi ya orodha, mbele ya maneno "Mshauri wa Heshima". Nimeulizia kazi za cheo hicho. Mshauri wa Heshima hapandi. Anabaki nyumbani akishauri.

Ndugu Mwenyekiti, nimeumia. Nataka kupanda. Malalamiko yangu nimeyapa namba, kwa kuwa wewe ni mpima ardhi na kitu kisicho na namba hukioni.

1. MIZANI. Wiki mbili kabla ya safari iliyopita uliweka kwenye meza yetu ya chakula ile mizani ambayo mama yako hupimia unga wa keki, ukatangaza kwamba kila mtu atabebewa chakula cha gramu mia sita kwa siku na si zaidi. Gramu mia sita! Kule kantini huo ni uzito wa mwiko mtupu, kabla haujagusa sufuria. Ulipima vitunguu vyangu kimoja kimoja kama vito. Makopo yangu ya nyanya uliyaita maji yaliyovishwa bati. Fundi wa saa, ambaye maisha yake yote hajawahi kushika chombo kizito kuliko kibano, alikata mpini wa mswaki wake mbele yetu sote ili apunguze gramu sita, mkampigia makofi. Mimi nilipotoa sufuria yangu ya lita ishirini, iliyolisha wenye akili na wasio nazo bila ubaguzi, hakuna aliyepiga makofi. Sina wivu. Naweka tu kumbukumbu sawa.

2. CHAKULA CHENYEWE. Nimekula chumvi nyingi lakini sijakataa kufundishwa. Uliniagiza nipike wali uive vizuri, nikaupika. Kisha ukaniambia niutandaze kwenye trei, niuingize kwenye oveni kwa moto mdogo, mlango niuache wazi kidogo kwa kuubana na kijiko cha mti, nisubiri muda wa saa nane mpaka kila punje irudie ugumu iliotoka nao dukani. Nikauliza kwa adabu: kama tunautaka mkavu, tuliupikia nini? Ukajibu kwamba kilichokwisha kuiva mara moja, huko juu kinataka maji ya moto tu na robo saa chini ya kifuniko, na hapo gesi inapona. Nikautandaza, maana jibu lilikuwa zuri, na jibu zuri kutoka kwa mtoto lina uchungu wake.

Maharage nayo yakachemshwa, yakapondwa, yakakaushwa mpaka yakawa kama vumbi la matofali. Nyanya zikasagwa, zikatandazwa, zikatoka ngozi ambayo ningeweza kuipeleka kwa fundi viatu na asigundue. Kisha vipimo: kikombe kimoja cha wali, nusu kikombe cha maharage, kijiko cha mboga kavu, kipande cha ngozi ya nyanya, chumvi, pilipili, funga mfuko. Mafuta kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, imeoshwa mara tatu, bado inanukia kikohozi. Karanga kiganja kimoja kwa ajili ya njiani. Maziwa ya unga kwa uji wa asubuhi. Hicho ndicho chakula cha mtu mzima anayepanda mlima. Ujuzi wa miaka ishirini na sita uliingia wote kwenye mfuko unaoenea ndani ya soksi.

Tukavionja pale sebuleni. Twiga, yule mwalimu wa michezo anayeinama kila mlango wa nyumba hii, alilamba kijiko akasema ni kitamu sana. Nilimtazama machoni nione kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

3. SUALA LA KULOWEKA. Hapa ndipo penye mzizi wa fitina, na naomba lisomwe kwa utulivu.

Tulifika kambini saa kumi jioni. Ninyi mkaenda mtoni na wengine wakashughulika na mahema. Mimi mkaniachia mfuko wa chakula: vifurushi kumi na vinane, watu sita, jioni tatu. Sasa, Ndugu Mwenyekiti, muulize mpishi yeyote wa kantini duniani: vitu vikavu vinafanywaje jioni? Vinalowekwa, ili kesho visisumbue. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofundisha, na nimewafukuza kazi vijana wawili kwa kusahau. Nikaona maharage makavu, nikaona jua linashuka, mikono ikafanya kazi yake bila kuniuliza. Nilifungua vifurushi vyote kumi na vinane nikavimwagia maji.

Mnasema nilifanya kosa kuibeba ile sufuria ya lita ishirini, niliyoifunga nyuma ya begi na kuifunika koti la mvua. Nami nauliza: kama nisingeibeba, vifurushi kumi na vinane ningeviloweka kwenye nini? Hamjanijibu hadi leo.

Mliporudi na maji ya chai chakula kilikuwa kimefufuka. Kilipanda, kikafika ukingoni, kikainua kifuniko na kuchungulia nje. Chakula cha siku tatu, ambacho asubuhi ulikuwa ukikining'iniza kwa kidole kimoja ukijisifu, kilikuwa kizito kiasi kwamba Twiga na fundi wa saa walishika mikono ya sufuria huku na huku wakashindwa kukisogeza. Fundi wa saa akasema, "Mzee, hapo umeweza." Wewe ulikaa juu ya jiwe ukaficha uso viganjani, mabega yakitikisika. Nilidhani unalia, nikaja kukubembeleza. Ulikuwa unacheka. Nataka iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba Mwenyekiti alicheka mpaka akashindwa kusimama.

Maji yakishamwagika hayazoleki, na maharage yakishavimba hayavimbuki. Tulikula jioni ile, tukala asubuhi, tukawaita watembea watatu wasiotuhusu waliokuwa wakipita zao nao wakala, mmoja akaomba cha kubeba. Mchana tukashuka, siku mbili kabla ya wakati, kwa kuwa hapakuwa na kingine kilichobaki. Kilele hatukukiona. Sawa. Lakini kuna aliyelala njaa? Narudia swali, Ndugu Mwenyekiti, kwa herufi kubwa: KUNA ALIYELALA NJAA?

4. ADHABU. Jumapili mkafanya mkutano sebuleni kwangu. Ukasimama na karatasi, ukasoma: "Kwa sababu za uzito, Baba atakuwa Mshauri wa Heshima." Uliisoma ukiitazama mizani, mimi hukunitazama. Nimemwaga unga nikiwa na miaka sitini na minne, katika kikundi cha mwanangu, nikiwa nimeketi kwenye kochi langu, chai ya wajumbe nimeiandaa mimi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kama kinalala chumba cha kwanza kulia.

Hapa naomba niweke kando lugha ya ofisini. Kwa miaka yote ile niliondoka nyumba hii kabla hujaamka na kurudi ukiwa umekwisha kula. Watoto wa watu mia nne niliwapakulia wali wa moto, wewe ukala kiporo alichokupashia mama yako. Hukulalamika. Ulikuwa huna katiba. Kule mlimani ndiyo mara ya kwanza nilikupakulia mwenyewe, mvuke unatoka, ukala mbele yangu, ukanyoosha bakuli ukaomba tena. Uliomba mara mbili, nimehesabu. Hicho ndicho mnachoninyang'anya. Cheo mnaweza kukichukua, hata sufuria mnaweza kuiacha.

Nikirudi kwenye lugha ya ofisini:

5. MAPENDEKEZO. Mimi si mtu wa kulalamika bila kutoa njia.

(a) Kiwango cha gramu mia sita kifutwe, na mizani irudi kwenye keki.

(b) Mnasema chakula kiwe chepesi ili watu wafike mbali. Basi ni dhahiri kwamba kasoro haiko kwenye chakula, iko kwenye umbali. Umbali upunguzwe.

(c) Kilele kihesabiwe kuwa kimefikiwa pale popote sufuria inapochoka. Mpima ardhi anaweza kupiga kigingi hapo na kuandika cheti. Si ndiyo kazi yako?

(d) Ikiwa wanachama watang'ang'ania kilele kile kile cha zamani, basi chuo kiombwe kufungua tawi huko juu, lenye wanafunzi wasiopungua mia nne na kantini kamili. Wanafunzi wataipeleka sufuria wenyewe, na kikundi kitakapofika kitakuta chakula tayari, bila kubeba hata punje. Hii ndiyo safari nyepesi kuliko zote, na nashangaa ninyi wasomi hamkuifikiria.

(e) Chuo kikikataa, mlima uachwe ulipo, haujamkosea mtu, na safari ifanyike hapa nyumbani. Jengo letu lina ghorofa tatu. Kupanda na kushuka mara mia moja na arobaini ni sawa na mlima wowote wenye heshima. Mahema yafungwe kwenye baraza. Chakula cha moto kitatolewa kila ghorofa, na yeyote atakayechoka atakuwa karibu na kitanda chake. Fundi wa saa arudishiwe mpini wake.

Nasubiri majibu kwa maandishi, yapitie chini ya mlango. Majibu ya mdomo wakati wa chai hayatapokelewa, kwa sababu mama yako atayageuza mazungumzo, na mazungumzo hunilainisha.

Nisalimie wanachama wote. Nisalimie fundi wa saa na mswaki wake uliobaki. Nisalimie Twiga, mwambie niliamini aliposema ni kitamu, ila ilinichukua siku tatu. Ukikutana na wale watembea watatu wasiotuhusu, waulize kama walifika salama. Wadogo zako nitawasalimia mwenyewe. Mama yako hajambo, amesimama mlangoni anauliza naandika nini kirefu hivi.

Nabaki mwanachama wenu mtiifu, mwenye njaa ya haki,

Mlalamikaji
(Mpishi Mkuu mstaafu, Mshauri wa Heshima bila hiari yake)
Baba yako

BAADA YA SAHIHI: Mama yako ameishika kabla sijaifunga. Ameisoma yote akiwa amesimama, kisha akaketi, kisha akanieleza. Mwezi uliopita daktari alisema goti langu la kushoto lisipande mlima tena, wala kwa begi jepesi. Mama yako alikuwa kando yangu, nami nikajipa moyo kwamba hakusikia, kwa vile sikutaka asikie. Kumbe alisikia, akakwambia, na wewe ukaona afadhali useme mbele ya watu kwamba sufuria ni nzito kuliko kusema kwamba baba hawezi. Umenisitiri, nami nimekuandikia kurasa nne za matusi ya heshima.

Malalamiko namba moja hadi tano nayaondoa. Barua naiingiza chini ya mlango hivyo hivyo, maana mkono umeuma na siwezi kuandika nyingine.

Nje ya mlango wako kuna mfuko. Nimekausha tangu Jumatatu, ulipokuwa kazini, nikitumaini mtanirudisha niende nanyi. Leo nimetoa vyangu vitatu, vimebaki kumi na vitano: watu watano, jioni tatu. Nimevipima. Ukijumlisha uji na karanga, hakuna siku inayofika mia sita. Usiviloweke mapema. Maji yachemke kweli kweli, ufunike robo saa, na juu ya kifuniko weka kofia ya sufu joto lisikimbie. Vyako vitatu havina pilipili, nimevifunga kwa uzi mweupe.

Mpishi huwapakulia wote ndipo naye ale. Ndivyo nilivyoishi, na ndivyo ulivyoniona. Huko juu, mwanangu, ule kwanza.