Kuhusu Makala Yangu ya Kumsifu Isihaka, Mliyoirudisha

Kwa Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Vitabu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya. Huku kwetu Sofu, Kibaha, wote hawajambo isipokuwa mimi.

Wiki iliyopita uliirudisha makala yangu ya kuisifu riwaya mpya ya Isihaka wa Mzenga, iitwayo Mkorosho wa Katikati. Pembeni uliandika kwa kalamu nyekundu kwamba huwezi kuichapa kwa sababu mimi ni rafiki wa mwandishi. Nimelitafuta kosa langu katika sentensi hiyo, sijaliona. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa mpangilio na kwa heshima zote.

1. Nani amsifu Isihaka kama si rafiki yake? Ulitaka tumtafute mpita njia? Isihaka ana adui mmoja tu, jirani yake Mwinyijuma, ambaye kila asubuhi huja mpakani kumtolea maneno kuhusu mkorosho ulioota katikati ya mashamba yao. Kwa kukuheshimu, nimempelekea hata huyo nakala ya kitabu, ili upate makala ya adui kama ndiyo unayoipenda. Hajanijibu.

2. Umoja wetu wa waandishi una wanachama watatu: mimi, Isihaka, na Zuwena wa Ruvu. Tuna utaratibu wetu. Mmoja akitoa kitabu, wawili waliobaki wanakisifu. Siku ya uzinduzi Zuwena anapiga vigelegele na mimi nalia. Machozi ni yangu mwenyewe, sijawahi kutumia kitunguu.

3. Unanituhumu kwamba kila kitabu ninachokisifu nakiita kitabu bora cha karne hii. Karne ni ndefu, Ndugu Mhariri. Vitaenea.

4. Umenikumbusha pia ile makala niliyoandika kwamba kifo cha mhusika mkuu katika kitabu cha Zuwena kiliniondolea usingizi, kumbe kitabu chenyewe ni cha kufuga kambale. Ni kweli wasomaji walipiga simu kuuliza ni kambale yupi. Lakini hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kusoma kitabu cha rafiki kabla ya kukisifu ni kumkosea adabu. Ukialikwa chakula kwa mtu, huanzi kwa kwenda jikoni kufunua sufuria. Mimi husifu kwa kuamini. Makala ya Isihaka niliiandika yeye mwenyewe akiwa bado sura ya pili, nami sijui mhakiki mwingine nchini mwenye imani kiasi hicho.

5. Kwa sababu hizo napendekeza ukurasa wako uitwe Ukurasa wa Marafiki. Anayetaka kununua kitabu aende kwanza nyumbani kwa mwandishi, apige hodi, anywe chai, aulizwe habari za watoto. Akitoka hapo atakipenda tu. Shuleni nako wanafunzi waache kuulizwa dhamira na maudhui, waulizwe wanafahamiana na mwandishi kwa kiasi gani. Asiyefahamiana na mwandishi yeyote, serikali imtafutie mmoja wa karibu.

6. Hili la mwisho linaniuma. Vitabu vya Isihaka vilivyotangulia viko kwenye maboksi chini ya kitanda, na mkewe Nuria anakutana navyo kila akifagia. Safari hii Isihaka ameniambia kwamba hiki nacho kikiishia kwenye boksi, basi, anaacha kuandika na kurudi kwenye korosho zake. Alikuwa akinitazama mimi aliposema hivyo. Mimi ndiye Katibu Mwenezi wa umoja. Nisipomwenezea mimi, nani atamwenezea?

Hivyo naomba makala ichapwe Jumapili hii, na picha yangu iwekwe juu kulia.

Nisalimie wote hapo ofisini, akiwemo mlinzi wa getini aliyeniuliza kama nina miadi, na huyo mwenye kalamu nyekundu, hata kama ni wewe mwenyewe.

Wako, niwapendaye watu wangu hadharani,

Amon Lukasi
Katibu Mwenezi, Umoja wa Waandishi wa Sofu, Ruvu na Mzenga

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilikifungua kitabu cha Isihaka nitafute sentensi moja nzuri ya kukunukulia. Nimekisoma chote, na maharage yameungua. Ndugu Mhariri, ni kizuri. Ni kizuri kweli. Kuna mahali majirani wawili waliogombana wanaokota korosho chini ya mti mmoja, kila mtu upande wake, hawasemezani. Mmoja anaona kikapu cha mwenzake hakijajaa, basi anamsogezea zake kwa mguu, kama mtu aliyejikwaa. Hapo nililia, na hapakuwa na uzinduzi. Nikakaa niandike makala mpya, nikakuta maneno yote mazuri nilishayamaliza kwenye kambale. Leo nikisema hiki ndicho kitabu bora, nani ataniamini? Tafadhali usiichape ile yangu. Mtafute mtu asiyemjua kabisa Isihaka. Akikosekana, muulize Mwinyijuma. Nuria amenipigia simu kuniambia kwamba tangu jirani huyo apewe ile nakala hajaja tena mpakani kugombana, na leo asubuhi wamekuta rundo la korosho limesogezwa upande wao.