Sala Yangu Fupi kwa Madaktari Wanne

Leo nimeaibika, akina mama, tena nikiwa nimefumba macho.

Mjukuu wangu Kabula, yule anayesomea udaktari hapa Tabora mjini, alinipigia simu jana. "Bibi, kesho tuna mtihani wa vitendo. Sili, silali, na vitabu haviishi." Nikamjibu, "Tulia. Nakuja." Asubuhi nikapanda basi kutoka Sikonge na matobolwa yangu ya viazi vitamu vikavu, karanga za kutwanga na chupa ya asali.

Nikamkuta na wenzake watatu katika chumba cha kujisomea. Macho mekundu, kama warina asali waliopigwa na moshi.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmekula nini?"

"Chai," akasema Kabula.

"Lini?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole.

Nikawapa maneno yao. "Mtapimaje mapigo ya watu, na yenu mmeyasahau? Mwili huu ni wa Mungu, mmeazimwa tu. Kuleni!" Wakala, jamani! Zuhura, mwenzake wa mtaa wa Ng'ambo, alikula viazi hadi akalegeza mkanda. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. (Na mimi mwenyewe nilijishukuru kidogo.)

Mtihani ulikuwa saa nane mchana, kwenye jengo la jirani. Anayechelewa hafunguliwi mlango, anarudia mwakani. Muda ulikuwa bado upo, nikasema tuombe.

"Fupi tu, Bibi," Kabula akanisihi.

"Fupi," nikaahidi. (Nyinyi mnaonijua, acheni kucheka. Bado hatujafika.)

"Mimi Mwislamu, lakini nimo," akasema Zuhura. "Siku ya mtihani sikatai dua."

Wakainamisha vichwa mezani. Nikafumba macho, nikaanzia kwenye uumbaji. Nikapita kwa manabii, nikaombea mvua, wagonjwa, wauguzi, na madereva wa barabara ya Sikonge. Kisha nikafika kwenye jambo lenyewe: "Baba, wape watoto hawa pumziko."

Kimya kikashuka. Kanisani kwetu kuna anayekohoa, kuna anayembembeleza mtoto, na kuna mzee mmoja anayesema "Amina" katikati akitumaini nitaishia hapo. Hapa, hakuna hata kiti kilicholia. Nikajua leo nimefika. Nikaongeza.

Mmoja akaanza kutoa sauti nzito kifuani. Nikadhani ameguswa na anaugua rohoni. Nikamwombea yeye peke yake, kwa kirefu.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. "Kabula! Tunafunga mlango wa mtihani!"

"Amina!" nikaitikia kwa sauti kuu.

Nikafumbua macho. Mwalimu wao, mama mmoja mwenye koti jeupe, amesimama mlangoni. Mezani, wote wanne wamelala fofofo. Kabula shavu limeganda kwenye picha ya ini. Zuhura ana tobolwa mkononi, nusu.

"Mama, umewapa nini hawa?" akauliza mwalimu.

"Viazi," nikasema. (Lilikuwa jibu la kweli, lakini halikunisaidia.)

Nikawatikisa mabega, nikaita majina yote niliyoyajua, hata ya wasiokuwepo. Wakatimka, mmoja na kiatu kimoja. Nikaketi kwenye ngazi na kile kiatu mapajani, nikimwomba Mungu asimrudishe mtoto mwaka mzima kwa ajili ya ulimi wangu. Safari hii niliomba macho wazi.

Walipotoka, Kabula alikuwa anacheka. "Bibi, tuliwahi! Mwalimu alituingiza mwishoni kabisa. Kichwa kilikuwa chepesi, mikono haikutetemeka. Moyo wa mgonjwa nimeusikia wote!"

Nikamshukuru Mungu. Nimeomba miaka mingi, lakini sijawahi kujibiwa haraka kiasi kile.

"Habari zimeshasambaa, Bibi," akasema Zuhura. "Wavulana wa mwaka wa tatu wanauliza unakuja lini tena. Wanakuita Sindano ya Usingizi."

Nikatamani kurudi Sikonge kwa miguu. Yule mwalimu naye akanisogelea, macho mekundu kuliko yao, akanivuta pembeni.

"Mama, natoka zamu ya usiku kesho asubuhi. Unaweza kuniombea na mimi?"

"Nikuombee nini, mwanangu?"

"Chochote. Ila kiwe kirefu."

Akina mama, Jumapili nimepangiwa sala ya kufunga ibada. Nawaomba mje mkiwa mmeshalala kwenu.